Kipengele Kikichelewa, Kingoje Toleo Lijalo

Sisi waandishi wa programu huria hatuishi kubishana: kipengele kipya kiingizwe lini? Mimi nasema tuige Linux. Kila toleo la kiini chake likishatoka, Linus Torvalds hupokea vipengele vipya kwa wiki 2 tu. Kisha mlango unafungwa, na kwa wiki 7 au 8 kazi ni kurekebisha hitilafu.

Mwaka 2025, toleo la 6.16 likiwa tayari kwenye majaribio, mtunzaji wa bcachefs, mfumo wa kuhifadhi mafaili, alileta kipengele kipya cha kuokoa data. Torvalds alikipokea shingo upande. Ugomvi haukuisha, na katika 6.18 bcachefs ikaondolewa kabisa.

Namwelewa mwenye haraka. Data ya mtu si mchezo. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kungoja: msimbo usiojaribiwa vya kutosha unaweza kuharibu mafaili ya wengine wengi. Aliyepatwa na dharura apewe kiraka pembeni. Wengine tungoje, wiki 10 si nyingi. Ukimfungulia mmoja mlango leo, kesho utamfungia nani?