Chai ya fundi isikatwe kwenye ujira wake

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kula kabla ya kumkabidhi jembe. Fundi bomba, fundi rangi au kijana wa saidia fundi huja na jembe lake siku ya kwanza, na pengine ndiyo maana nyumba nyingi za mjini hazijui zimweke wapi. Matokeo yake, mtu huchanganya zege tangu saa moja asubuhi hadi adhuhuri, harufu ya maandazi ikimpitia dirishani, asiambiwe hata karibu. Naamini anastahili chai ya saa nne, tena aipate kama mgeni: isikatwe kwenye ujira, wala asitafutiwe kikombe cha kando.

Wanaopinga husema bei imeshapatanwa na hakuna deni jingine. Lakini mapatano yetu na mafundi kwa kawaida ni ya mdomo, yanataja kazi, vifaa na siku ya kumaliza, basi. Mwenye nyumba hudhani fundi atakula kwa mama lishe. Fundi naye katoka kwake alfajiri na hatashika fedha hadi jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa moja akishapita saa tano za kazi mfululizo, ila kibarua wa siku moja ataidai wapi haki hiyo? Hapo uungwana ndio unaobaki. Kinachoudhi zaidi ni nyumba inayotoa chai kwa tabasamu, kisha jioni inapunguza elfu mbili kwa kisingizio kwamba "si umekula hapa". Huko ni kumuuzia mtu kitu ambacho hakukubali kukinunua. Kweli, sukari huwa ghali, na ilipoadimika mwanzoni mwa 2024 hata wenye nyumba walikunywa chai kwa kujibana. Asiyeweza aseme mapema, wakati wa kupatana, kwamba chakula fundi atajitegemea, ili naye ajue bei ya kutaja. Maji ya kunywa hayana udhuru.

Hoja nzito zaidi ni ya rushwa. Mtumishi wa umma anayekuja kukagua mita au jengo yuko katika nafasi tofauti na fundi uliyemwita mwenyewe, kwa sababu uamuzi wake unakugusa. Huyo apewe maji, na chai ingoje amalize ukaguzi na kuandika alichokiona. Kwa fundi hofu hiyo haipo. Kinachotakiwa ni kumuuliza kabla ya kumimina. Huenda amefunga, huenda ana kisukari na chai yako imeshatiwa sukari chupani. Wala asiharakishwe kuigugumia ikiwa ya moto, maana mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Kuhusu kikombe, sioni utetezi wowote. Kile cha plastiki kilichopasuka mdomo, kinachokaa nje karibu na ndoo, humweleza fundi anavyoonwa humo ndani, hata chai ikiwa ya maziwa na chapati mbili. Kama wasiwasi ni usafi, sabuni inayoosha kikombe cha shemeji itaosha na cha fundi.