Mimba Si ya Mtu Mmoja



Leo tunagusa jambo ambalo kwenye baraza linanong'onwa na kwenye simu linapigiwa kelele: kutoa mimba. Mmeona wenyewe. Mtu akiandika neno moja tu, dakika tano baadaye huyu ameitwa muuaji na yule ameitwa mshamba. Kisha kila mtu anazima data analala. Asubuhi, dada ambaye jambo lenyewe limemfika bado yuko peke yake.

Tumtazame huyo dada kwanza. Hatumtaji jina, manake si mmoja. Amesoma madrasa hapa hapa Majengo, nyumbani anaitwa mtoto mzuri. Mwezi wa pili sasa hajaona siku zake. Kijana aliyempa mimba hashiki simu. Mama akijua, baba atajua. Baba akijua, kuanzia Digo hadi Sofia watajua. Kutoka kwao hadi Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ni mwendo wa miguu. Hospitali hiyo imekuwepo tangu 1926, na wengi wanaosoma hapa wamezaliwa pale. Lakini haendi Pumwani. Anaenda kwa mtu mwenye chumba cha nyuma, anayetaka pesa mkononi na asiyeuliza maswali.

Na wako wengi kama yeye. Utafiti wa Wizara ya Afya pamoja na kituo cha APHRC ulikadiria kwamba mwaka 2012 pekee mimba karibu 465,000 zilitolewa Kenya, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa matatizo yaliyofuata. Kutokwa na damu, kuoza kizazi, figo kufeli. Hayo yalitokea katika nchi ambayo kutoa mimba ni kosa la jinai. Kwa hivyo anayedhani marufuku peke yake imemaliza kazi, aziangalie hizo hesabu tena.

Sasa tusikilize pande zote mbili, bila matusi.

Upande wa kwanza unasema: aliye tumboni ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu, hana sauti, hakufanya kosa lolote. Ukiruhusu auawe kwa sababu amekuja wakati mbaya, kesho utaruhusu nini? Na wanaongeza jambo la kweli: wanaume wengine wanapenda mimba itolewe ili wao wabaki wasafi. Hela inatumwa kwa simu, mambo yanaisha, kijana anarudi kijiweni kana kwamba hakuna lililotokea.

Upande wa pili unasema: aliyebeba mimba naye ni roho. Kuna aliyebakwa na mtu wa nyumbani kwao. Kuna mwenye presha ambayo daktari anasema itamuua. Kuna mtoto wa miaka 14 ambaye nyonga yake haijakomaa. Mkifunga mlango wa hospitali hamjazuia kitu, mmemsukuma tu kwenye chumba cha nyuma. Na mwenye pesa zake atatibiwa hospitali ya kibinafsi kimya kimya. Atakayezikwa ni maskini wa mtaani.

Ukweli ni kwamba kila upande una hoja ambayo mwenzake hataki kuisikia.

Dini yetu inasema nini? Hapa tuwe makini, kwa sababu kuna wanaosema Uislamu unaruhusu tu, na wengine wanasema hakuna hata neno la kujadili. Wote wamerahisisha mambo. Qur'ani katika Surat al-Israa, aya ya 31, inakataza kuua watoto kwa kuogopa umaskini. Mtume (s.a.w.) alihukumu fidia kwa kijusi kilichokufa tumboni mama alipopigwa. Kwa hivyo aliye tumboni ana haki, na hilo halina ubishi. Baada ya siku 120, roho inapokuwa imepulizwa kama ilivyo katika hadithi ya Ibn Mas'ud, wanavyuoni wanakataza, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini.

Kabla ya siku hizo ndipo wametofautiana. Wamaliki wamekaza tangu mwanzo. Miongoni mwa Mahanafi wapo walioruhusu kukiwa na udhuru. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunafuata, kauli ni zaidi ya moja, na Imam Ghazali aliliona ni kosa linalozidi uzito kadiri mimba inavyokua. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu kabla ya siku 120 pale madaktari wanaoaminika wanapothibitisha kilema kikubwa kisichotibika. Na vita vya Bosnia vilipowaacha wanawake wa Kiislamu na mimba za ubakaji miaka ya 1990, wapo wanavyuoni waliowapa udhuru mapema kabla roho haijapulizwa. Kwa hivyo dada aliye katika shida ya namna hiyo ana haki ya kuuliza na kujibiwa na mwenye elimu. Kufukuzwa mlangoni si jibu.

Na sheria ya nchi? Vijana wengi hawaijui, na kutojua kumewaponza watu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 158, inampa anayetoa mimba kifungo cha hadi miaka 14. Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Lakini juu ya Kanuni hiyo kuna Katiba. Ibara ya 26 inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, kisha inasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu.

Mnakumbuka kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010? Viongozi wengi wa makanisa waliipinga Katiba hiyo kwa mambo mawili makubwa: kifungu hiki cha mimba na mahakama za Kadhi. Tuliwekwa kapu moja. Katiba ikapita kwa kura zaidi ya asilimia 66, lakini mzozo haukuisha. Wizara ilitoa mwongozo kwa madaktari 2012, ikauondoa mwaka uliofuata. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Kesi hiyo ilimhusu binti aliyebakwa, akatolewa mimba na mtu asiye na ujuzi, akaugua figo, akafa 2018 kabla hukumu haijasomwa. Mahakamani alijulikana kwa herufi tu, JMM. Alipopata mimba alikuwa mtoto wa shule.

Msimamo wetu ni upi basi? Hatusemi kutoa mimba ni jambo dogo. Si dogo, na anayetaka kuligeuza njia ya kuficha aibu atajibu mbele ya Mola wake. Lakini tunasema hivi: jamii inayompiga mawe kwa ulimi msichana mwenye mimba haina haki ya kushangaa anapoitoa. Sisi ndio tunaomwonyesha njia ya chumba cha nyuma. Tunamwambia mtoto ni haramu kumtoa, kisha tunamhakikishia kwamba akimzaa hatutamsamehe yeye wala mtoto. Aende wapi?

Katika Sahih Muslim kuna habari ya mwanamke wa kabila la Juhayna aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) ana mimba ya zina, akakiri mwenyewe. Hadithi hiyo ina mwendelezo wake, na wanaoijua wanaijua. Lakini angalia amri ya kwanza ilikwenda kwa nani. Ilikwenda kwa walii wake: amtendee wema mpaka ajifungue. Amtendee wema! Kabla ya lingine lolote, familia iliamrishwa kumtunza. Sasa tujiulize ni nyumba ngapi hapa mtaani zinafanya hivyo, na ngapi zinatupa begi nje ya mlango.

Kwa hivyo kazi ni hizi.

Kaka, anza wewe. Mimba haikuingia kwa upepo. Ibara ya 53 ya Katiba inasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana. Mambo ya nasabu waachie mafaqihi. Maziwa na dawa hayangoji fatwa. Ukizima simu, umeshaipigia kura ile mimba itolewe.

Mzazi, hasira ni haki yako, lakini siku ile ya kwanza funga mdomo umkalishe mtoto. Mlishe. Mpeleke kliniki. Utamgombeza akiwa hai.

Ustadh na maalimu, tunawaheshimu sana, na tunawaomba jambo moja: msichana ajue kuna mlango wa kugonga, wenu au wa mwalimu wa kike, na siri yake itasitirika. Darsa za siku 120 zisifundishwe tu kwa wanaume safu ya mbele.

Dada, ukiwa umebakwa, nenda hospitali mara moja, mapema kabisa, kabla ya saa 72 kupita, kuna dawa za kuzuia Ukimwi na mimba. Ukiwa unatoka damu, nenda hospitali hata kama kuna jambo limeshafanyika. Ibara ya 43 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Usifie chumbani kwa kuogopa maswali. Na ukijifungua, shule haijaisha: tangu 1994 sera ya serikali inamruhusu msichana aliyezaa arudi darasani. Mwalimu mkuu akikukatalia, tuambie, tutaenda naye sambamba.

Na sisi wa mtandaoni, tupunguze kelele. Mjadala utaendelea mahakamani, bungeni na misikitini, na ni haki uendelee. Lakini usiku wa leo kuna mtu ameketi kwenye ngazi za ploti, simu mkononi, anasoma tunavyoandika ili ajue kama anaweza kumwambia mtu. Tuandike tukijua anasoma.

Mwenyezi Mungu awasitiri dada zetu, awape vijana wetu uanaume wa kweli, na awahifadhi walio matumboni na waliowabeba. Amin.