Kiswahili cha Uwanjani

Sisi watu wa Pwani hupenda kusema kwamba Kiswahili ni mali yetu. Mimi nililelewa Kitale, baba akichuuza huko, na dhana hiyo ilinitoka mapema. Baada ya sala ya Alasiri, badala ya kurudi chuoni nilikwea mti kando ya uwanja nikatazama mpira. Bakora za mwalimu nazikumbuka hadi leo! Chini ya mti, watoto wa Kibukusu walicheza mpira wa makaratasi huku wakijitangazia wenyewe: "Kadenge na mpira!" Bungoma nako nikakuta yayo hayo. Joe Kadenge hawakupata kumwona. Maneno waliyatoa redioni, kwa Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1980 majina ya kikabila yalipoondolewa vilabuni, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Lakini lugha ilikwisha kutuunganisha.

Mbotela alifariki Februari 2025. Watoto sasa hutazama mechi za Uingereza zikitangazwa kwa Kiingereza. Vyama vyetu vya Kiswahili, badala ya makongamano kila mwaka, na vifunze vijana kutangaza mpira. Vianzie Kitale na Bungoma, si Mombasa.