Masisi: Wenye mashamba waachie akina mama matawi makavu

Ukipita Muheto asubuhi na mapema, katika teritware ya Masisi, utakutana na akina mama na wasichana wanaenda kutafuta kuni, kamba mkononi. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inaamua kama watoto watakula usiku ao watalala njaa.

Mtu aliyekomalia milimani anajua kuchagua. Anaanza na tawi lililokufa lakini lingali juu ya mti, sababu lile la chini limekwisha kunywa maji. Analivunja: likilia "kwa!", ni kavu, likijipinda, analiacha. Vijiti na maganda ya mkaratusi ni vya kuwashia, vipande vizito ni vya kushikilia moto. Mkaratusi mbichi unatoa moshi wa kuliza hata jirani. Na huku maharagi si mchezo: kwenye mita 2,000 maji yanachemka kwa nyuzi 93 hivi, kwa hiyo chungu kinakaa mafigani saa nyingi kuliko kule chini.

Shida ni mahali pa kuchagulia. Milima mingi ya Masisi ni mashamba ya ng'ombe yenye wenyewe, na mikaratusi yake inangojea mbao na makala. Asiye na shamba, zaidi sana mkimbizi wa vita, anaokota vibichi kando ya njia ao anaenda mbali porini. Huko kuna watu wa bunduki. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walieleza kwamba wengi wa wanawake waliobakwa, waliowatibu katika kambi za kandokando ya Goma, walishambuliwa walipokuwa wakitafuta kuni na chakula. Katika kambi zile kulikuwa watu wengi wa Masisi.

Mimi naomba jambo moja: wenye mashamba wapatane na machifu wa vijiji, akina mama waingie kuokota matawi yaliyokufa, bila shoka wala panga. Matawi hayo yanaozea pale bure.

Najua jibu: leo tawi, kesho mti mzima. Hofu hiyo si ya bure. Kuanzia 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walikata miti mingi ya msitu wa Virunga ili wapate kupika. Lakini wale walikuwa mamia ya maelfu, na hakuna aliyewapangia mapema pa kutoa kuni. Kupanda miti ya kuni ni vizuri, WWF ilianza kuisaidia Kivu Kaskazini mwaka 2007 kwa mradi wa EcoMakala, ila mti unataka miaka. (Na wanaogawa maharagi kwa wakimbizi bila kitu cha kuyapikia, hao nitawarudilia siku nyingine.)

Mlinzi wa shamba angeweza kuanza Jumamosi hii: afungue lango saa mbili asubuhi, akina mama waingie kwa kundi, watoke saa sita, naye aangalie kila mzigo unapopita.