Sensa ya Hewa: Tuchunguze Kabla ya Kuhukumu

Katika magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani, mna kifaa kidogo kinachobebeshwa lawama nyingi: sensa ya kupima hewa. Gari likikosa nguvu, likizimika njiani au likila petroli kuliko desturi yake, aghalabu mwenyewe huambiwa, "Sensa imekufa, nunua nyengine." Fedha za karo hutoka, sensa mpya hutiwa, na maradhi hubaki pale pale.

Sensa hii hukaa baina ya kichujio cha hewa na injini. Katika magari mengi, ndani yake mna uzi mwembamba unaotiwa moto kwa umeme. Hewa ipitayo huupoza, na kwa umeme unaohitajika kuudumisha joto lake, kompyuta hujua kiasi cha hewa kilichoingia. Ndipo hukadiria petroli: takriban gramu 1 kwa gramu 14.7 za hewa. Uzi ukivikwa vumbi, huripoti hewa kidogo kuliko iliyopo. Petroli hupungua, na injini hudhoofika.

Kifaa cha kusoma hitilafu kikionyesha P0101 au P0171, hilo ni dai, si hukumu. La kwanza lasema kipimo cha sensa hakiafikiani na hali ya injini. La pili, kwamba hewa imezidi petroli. Yote mawili yaweza kuletwa na mpira wa hewa uliopasuka baada ya sensa, kwani hewa huingia pasina kupimwa.

Basi na tufuate utaratibu. Kwanza, tazama kichujio, kisha uuvute mpira wa hewa kwa mkono, maana nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Pili, chomoa soketi ya sensa, injini ikiwa imezimwa, ukague kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba. Tatu, soma kipimo: injini ya sisi 1500 iliyokwisha pata moto, gari likiwa limesimama, aghalabu huonyesha gramu 2 hivi kwa sekunde, na kipimo hupanda sawasawa mafuta yakikanyagwa.

Nne, tazama nyongeza ya petroli inayofanywa na kompyuta. Ikiwa ni kubwa injini ikinguruma taratibu, kisha hupungua mafuta yakikanyagwa, tuhuma iuelekee mpira. Ikiwa huzidi kadiri mafuta yakanyagwavyo, iuelekee uzi mchafu, au pampu ya petroli iliyodhoofika.

Tano, safisha kabla ya kununua. Tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa mahsusi kwa sensa hii, wala si ya breki. Usiuguse uzi kwa kidole wala kitambaa, wala usiupige upepo wa kompresa, kwani hukatika upesi. Iache ikauke kabisa ndipo uirejeshe. Hali isipobadilika, na yale mengine yote yakawa salama, hapo ndipo sensa mpya ina haki ya kununuliwa.

Enyi mafundi, gari la mtu ni amana mikononi mwenu. Mwonyesheni mwenyewe ufa au kutu kabla ya kumtaka fedha. Nawe mwenye gari, uliza kwa adabu: "Fundi, umelithibitisha vipi?" Fundi mwenye ujuzi hachukizwi na swali hilo. Wala usilipuuze gari linalozimika, kwani hilo hilo ndilo liwapelekalo watoto chuoni kila asubuhi, na barabara kuu haimngoji mtu awashe injini upya.