Faida iko halali, lakini mizani iseme kweli

Kila mutu wa Bunia anajua: sukari, unga na mafuta vikifika Mongbwalu, bei imepanda. Ni kilometa karibu 80, na barabara haina usalama. Mwenye kununua hapa na kuuzisha kule analipa gari, analipa kwenye bariere, na siku moja anaweza kupoteza muzigo wote. Apate faida yake, tusimwite mwizi. Bila yeye, jioni kwenye kariere watu watalala njaa.

Shida iko kwenye deni. Mchimbaji anakamata mchele na chepeo, atalipa dhahabu shimo likitoa. Sawa. Lakini mara mingi yule anayedai ndiye anapima dhahabu, tena ndiye anapanga bei yake. Hapo anakula mara tatu: kwenye mchele, kwenye uzito, kwenye bei. Kupima na kijiti cha kiberiti ao pesa ya chuma ya zamani kunasaidia nani? Tola ni gramu 11,66, hata kwa mutu mwenye deni.

Tunaomba mambo matatu. Deni liandikwe kwenye kaye mbili, na bei ya siku ile. Dhahabu ipimwe kwa gramu, mbele ya mutu wa tatu. Deni likiisha, mchimbaji auzishe dhahabu inayobaki kwa negosia anayemutaka mwenyewe. Na nyinyi wamama, muombe kuona ile kaye. Deni la kariere linalipwa na chakula cha watoto.

Muuzaji wa haki haogopi: mutu aliyepimiwa vizuri anarudi.