Usimchape mbwa anayenguruma

Mimi ni msoma mita za maji hapa Morogoro. Mageti mengi ninayogonga yana kibao cha "Mbwa Mkali", lakini kibao hakinisaidii kitu. Namsoma mbwa mwenyewe.

Wengi wenye mbwa wanashikilia imani mbili: mkia ukitikisika mbwa amefurahi, na akinguruma hana adabu, astahili fimbo. Imani zote mbili zinatuponza sisi tunaoingia nyua za watu.

Mkia unaoyumba kwa ulegevu mpaka kiuno nacho kikacheza, huo ni wa furaha. Lakini ukisimama wima, ukatikisika harakaharaka nchani huku mwili umekakamaa, kaa chonjo. Kisha tazama uso. Mdomo uliokuwa wazi ukifumbwa ghafla, akajilamba pua wala hapana chakula, akageuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, mbwa huyo anaomba nafasi. Hapo nasimama kwa ubavu, simkazii macho, wala sikimbii. Naita, "Hodi wenyewe!"

Asiposikilizwa, ndipo hunguruma. Na hapo ndipo mwenye nyumba hutoka na fimbo. Huwa namwambia, "Mzee, mwache, huyo kanitahadharisha." Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hajifunzi upole, anajifunza kunyamaza. Hofu yake iko palepale, na siku nyingine atang'ata bila kutoa sauti. Dalili ya mvua ni mawingu, nasi tunayafukuza mawingu tukidhani tumezuia mvua.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto humkumbatia mbwa shingoni, humsogelea akila, humvamia akiwa amelala na wanawe. Tunamfundisha kurusha mawe na kukimbia, mambo mawili yanayomchochea mbwa zaidi.

Kweli, mbwa mwenye kichaa anaweza kung'ata bila onyo lolote. Kinga ya kichaa hicho ni chanjo, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyohiyo. Lakini mbwa mzima kwa kawaida hutoa ishara mapema. Mzazi, mkalishe mwanao mbali kidogo na mbwa wenu, mwonyeshe mkia, mdomo na macho. Na mbwa akinguruma, weka fimbo chini, kwanza mwondoe mtoto.